Mkoba wa Kagenyi

Saa moja asubuhi Evaresta alimlisha mgeni kabla hajatia kitu mdomoni mwake mwenyewe, na hilo lilikuwa limeshakuwa zoea. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, akafungua simu, akagusa picha ya bakuli. Mgeni akafumbua macho, akala, akatikisika kama moshi wa kuni mbichi. Chini ya miguu yake, yaani pale ambapo miguu ingekuwa kama angekuwa nayo, paliandikwa: Mgeni anarudi kwa mwenyewe. Zimebaki saa 7.

Mwenyewe alikuwa Joanitha, mwanawe wa pekee, na Joanitha alikuwa na siku arobaini na moja ardhini, migombani nyuma ya jiko, ubavuni mwa baba yake. Simu haikuwa na habari hiyo.

Ulikuwa mchezo tu, na watu wazima wenye akili zao wanaucheza. Unaitwa Vibwengo. Unatembea na simu, unakamata viumbe, unavifuga, unavipiganisha na vya wenzako. Joanitha aliuanza akiwa sekondari, toleo la kwanza, kwenye simu ya kuazima. Lilipotoka toleo la tatu alikuwa na miaka ishirini na saba na duka lake la fotokopi pale Rubwera, jirani na ofisi za wilaya, na bado alikuwa akifukuzia vibwengo nyuma ya choo cha soko. Mama yake alimsema mpaka akachoka. Basi Joanitha akafanya alichofanya tangu utoto kila aliposhindwa hoja: akamwingiza mama yake humo humo. Akamletea kijijini Ihembe simu ya kupangusa, akamwekea mchezo, akamwelekeza kidole mpaka kikazoea.

Kati ya vibwengo vyote alimpenda mmoja wa ukoo wa mizuka, aina inayoitwa Moshoro. Moshoro ni moshi wenye macho mawili na mkoba begani. Kupigana hajui, ukimpeleka vitani anajificha nyuma ya mkoba. Anapatikana kwenye nyumba zisizo na watu tu, na asipolishwa siku tatu anafifia, haonekani tena. Kazi yake moja ni kutembelea. Unamtuma na neno mkobani kwenye simu ya mwenzako, anakaa huko kama mgeni, mwenzako anamlisha na kumwekea neno kwenye mkoba, naye akirudi anakukabidhi neno hilo. Mwisho siku hamsini. Zikitimia, anarudi alikotoka hata kama hakuitwa. Ila mwenye mzuka akitaka kukuachia moja kwa moja, kwenye simu yake kuna kitufe kimeandikwa Abaki. Yeye tu ndiye anayeweza kukibonyeza.

Joanitha alimpa wake jina la Kagenyi, kwa Kinyambo kageni kadogo, na kwa miaka miwili huyo Kagenyi alipita njia ya Rubwera na Ihembe mara nyingi kuliko bodaboda yeyote. Mama, kahawa mmeanza kuchuma? Mama, senene wameanza kuanguka huko, usiwamalize. Mama, kifua kimepona?

Halafu ukaja uvimbe tumboni mwa Joanitha. Saa nane mchana, akisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, Joanitha alimtuma Kagenyi kwa mama yake asije akafa njaa. Mkobani aliweka maneno manne: Mama mlishe, narudi kumchukua. Siku ya tisa akafariki.

Evaresta hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa misa kila Jumapili na alijua mchezo ni mchezo. Lakini tangu siku ya mazishi hakulala bila kuandika neno moja na kulitia mkobani, kwa sababu mkoba ule ulikuwa ukipeleka maneno kwa Joanitha siku zote, na hakuna aliyemwambia kwamba umeacha. Humo aliandika hata yale ambayo padri hakuyasikia.

Asubuhi hii hakuwa akifikiria mkoba. Alifikiria saa saba. Ikifika saa nane mchana Kagenyi angerudi kwenye simu ya Joanitha, na simu ya Joanitha ilikuwa mikononi mwa Leonidas, labda imezimwa, labda imetupwa kwenye sanduku. Siku tatu, na Kagenyi naye basi. Evaresta alivaa gauni la kanisani, akajifunga kitenge, akaondoka. Kwa mtu mwingine yeyote angekwenda anatembea kwa raha. Kwa huyu alikwenda kama anayepelekwa.

Leonidas alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza moja na duka la Joanitha, na walikuwa wameishi pamoja miaka mitatu bila ndoa na bila yeye kuja Ihembe kujitambulisha kwa wazee. Kila mwaka alisema atakuja baada ya msimu wa kahawa, na kila msimu ulikuja na sababu yake. Kwa hiyo Joanitha alipofariki, Evaresta alikwenda kumchukua maiti wake akamleta nyumbani. Leonidas aliomba amzike kwao Isingiro. Evaresta alimjibu mbele ya watu kwamba yeye hana mkwe. Hakumbuki mtu aliyekuja kwake na mtungi wa rubisi, ile pombe ya ndizi, kumposa mwanawe. Ilikuwa kweli, na mila ilikuwa upande wake. Kaburini, ndugu walipopita mmoja mmoja kutia udongo, Leonidas alijipenyeza kwenye mstari, akainama, akachota. Evaresta alimshika mkono. "Wewe ni nani hapa?" alimwuliza. Watu wote walisikia.

Alifika Rubwera saa saba na robo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Duka la fotokopi lilikuwa limefungwa kwa kufuli mbili. Leonidas alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule, amekonda shingo. Alipomwona alisimama haraka, mkasi ukaanguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alimpa kiti chake, yeye akakalia ndoo. Aliingia ndani akatoka na kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopokewa, akakiweka juu ya cherehani kati yao. Evaresta aliitazama ile kahawa. Kwake, kijana huyu alikuwa hajawahi kupewa hata punje moja. Alichukua moja akaitafuna, kwa sababu kuikataa kungekuwa tusi, na alikuwa amekuja kuomba.

"Simu ya Joanitha ipo?" aliuliza.

Leonidas alivuta mtoto wa meza wa cherehani. Simu ilikuwa imelala katikati ya roli za uzi, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Evaresta alikijua kitambaa kile, akageuza macho.

"Naichaji kila siku," Leonidas alisema. "Namba ya kufungulia ninayo. Kuifungua ndiyo sijaweza."

Evaresta alimweleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaeleza tena: Kagenyi yuko kwake, saa nane anaondoka, kuna kitufe. Alitoa simu yake akamwonyesha. Zimebaki dakika 31. Leonidas alimtazama yule moshi mwenye macho kwa muda mrefu, kisha akafungua simu ya marehemu. Kidole kilikosea namba mara mbili. Picha ya Joanitha anacheka, ana kalamu nyuma ya sikio, ikatokea kwanza.

Kitufe kilikuwapo. Kagenyi yuko kwa Mama. Mwite. Abaki.

"Bonyeza hapo," Evaresta alisema. "Hapo pa pili. Nitakwenda zangu."

Leonidas hakubonyeza. Alizungumza polepole, kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyouma.

"Mama, uliniuliza mimi ni nani. Nimelifikiria swali lile kila siku. Kama mimi si mtu wake, basi siwezi kutoa ruhusa juu ya kitu chake. Na kama ni mtu wake, hiki ndicho kitu pekee kilichobaki cha mimi kupewa. Kaburi liko kwako. Nguo zake ziko kwako. Hata kuja kukaa pale kaburini siwezi, watu wataniuliza nimefuata nini."

"Atakufa humo," Evaresta alisema. "Hutamlisha."

"Nitamlisha."

"Hukuweza hata kuifungua."

"Leo nimeifungua."

Evaresta alitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwapo, lilifika mpaka kooni, na likakaa hapo hapo na punje ya kahawa. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuwa na haki, na mtu wa namna hiyo akikosa anakuwa kama mtoto aliyepotelewa na mlango. Badala yake akasema, "Ni mwanangu." Leonidas akaitikia kwa kichwa, akachukua sare aliyokuwa akiishona, akaendelea kukanyaga cherehani. Wakakaa hivyo, mama kwenye kiti, fundi kwenye ndoo, simu mbili juu ya meza. Zikabaki dakika kumi. Zikabaki tatu. Evaresta aligusa bakuli akamlisha Kagenyi mara ya mwisho, ingawa alikuwa ameshiba.

Saa nane kamili Kagenyi alijifunga mkoba wake begani, akainamisha kichwa, akawa moshi mwembamba, akatoka upande wa juu wa kioo. Asante kwa ukarimu, simu iliandika. Kwako hakuna mgeni.

Simu ya pili ikalia. Kagenyi akatua ndani yake, akavua mkoba, akauweka chini. Mkoba ulikuwa umevimba.

Hapo ndipo Evaresta alipokumbuka.

"Usiufungue," alisema. "Leonidas. Nakuomba. Hayo hayakuwa yako."

Lakini kidole cha fundi kilikuwa kimeshagusa, na maneno yakaanza kushuka moja baada ya jingine, yenye tarehe zake. Leonidas aliyasoma kimya. Evaresta aliyajua yote kwa moyo. Aliweza kuona amefika wapi kwa kumtazama uso.

Mwanangu leo tumekulaza karibu na baba yako. Mvua haikunyesha.

Gauni jeupe tulilokuzika nalo, nimeuona mshono wake nikaujua. Ni yeye aliyelishona. Sikumwambia mtu.

Leo nimepika ndizi nikapakua sahani mbili.

Alitaka kutia udongo nikamshika mkono mbele za watu. Alibaki ameufumbata. Nilikuwa na hasira na sikujua nimpe nani. Yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Baba yako mkubwa Gaudiosus anasema nilifanya vizuri. Mbona silali.

Na la mwisho, la jana: Leo imesomwa misa yako ya arobaini. Amekuja, amekaa benchi la mwisho kabisa. Nilitaka kumwita aje mbele akae na mimi. Shingo ilikataa kugeuka. Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Barabarani mtu alikuwa anauza nyanya kwa kipaza sauti, anarudia bei ile ile. Evaresta alifunika uso kwa ncha ya kitenge akalia, na hakujali ofisi za wilaya wala watu wake waliokuwa wakipita na mafaili. Alimlilia Joanitha, na safari hii alimlilia na mtu mwingine anayemjua, jambo ambalo siku zote arobaini na moja hakuwa amelipata, maana wale waliojaa nyumbani kwake walikuwa wakimlilia mtoto wa Evaresta tu.

Leonidas alijifuta macho kwa kile kitambaa cheupe. Kisha akainamia simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, anafuta, anaandika tena.

Simu ya Evaresta ikalia juu ya meza. Aliitazama bila kuelewa. Moshi uliingia kutoka upande wa juu wa kioo, macho mawili, mkoba begani. Una mgeni, simu iliandika. Atakaa siku 50. Leonidas hakuwa amebonyeza Abaki. Alikuwa amemtuma tu, kama Joanitha alivyokuwa akimtuma, mtu wa kwenda na kurudi.

Evaresta alifungua mkoba. Ndani mlikuwa na neno moja.

Mama, ule udongo bado ninao.

Alipoinua macho, Leonidas alikuwa ameshatoa kikopo cha kahawa kutoka nyuma ya roli za uzi, amekifungua, amekishika kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na donge jekundu, limekauka, na juu yake alama za vidole vinne zilikuwa bado zimejichora, pale alipolifumbata siku ile asilitie kaburini na asiliachie. Evaresta aliujua udongo wa kibanja chake pale migombani. Aliugusa kwa ncha ya kidole, ukamong'onyoka kidogo, akarudisha mkono haraka asije akaziharibu zile alama.

"Kesho uje nao," alisema. "Uje mchana, baba. Nitawaita wote waliokuwapo siku ile, uje wakuone."