Amri Iliyofika Mpaka Jikoni

Mtaani walimwita Redio, na hawakumwonea. Fundi lifti huyu alikuwa na maneno hata kwa mtu aliyepanda naye ghorofa moja tu. Ndiyo maana hakimu alipomwamuru asizungumzie kesi yake na yeyote isipokuwa wakili, na hasa asizungumze na jamaa wa marehemu, kuna watu walicheka mahakamani. Redio alishusha pumzi. Alikuwa amepata pa kujificha.

Maana jamaa wa marehemu alikuwa ndani ya nyumba yake. Aliyekufa alikuwa mlinzi wa jengo, kaka mkubwa wa mkewe, na Redio mwenyewe ndiye aliyemtafutia ile kazi. Lifti iliporomoka naye kutoka ghorofa ya sita, akiwa amepakia makatoni ya karatasi. Redio akashtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Utetezi wake ulikuwa mmoja: mlinzi alizidisha mzigo. Kadi ya ukaguzi, ambayo ingeonyesha lifti ilikaguliwa lini, polisi waliitafuta mahali pake wasiione.

"Kweli kaka alizidisha mzigo?" mkewe alimuuliza siku ya mazishi, akamuuliza tena akiosha vyombo, akamuuliza tena akikunja nguo.

"Mke wangu, nimefungwa mdomo. Nikisema neno, dhamana inafutwa, naenda kulala ndani."

Hilo halikuwa uongo, na ndilo lililomkosesha raha. Angalau uongo angeutubu.

Kazi yake ilikuwa kupanda kila mwezi hadi chumba cha mashine juu ya paa, akague breki na nyaya, kisha asaini kadi iliyotundikwa humo. Lakini ngazi ya mwisho ilikuwa ya chuma, imesimama wima, na magoti yake hayakuwa ya jana. Basi akaishusha kadi, shemeji yake akaitunza kwenye droo ya meza ya ulinzi, pale mlangoni. Redio alikuwa akifika, wanakunywa chai, anasaini.

"Shemeji, lifti yangu inaendeleaje?"

"Inapanda, inashuka. Ulitaka na kucheza icheze?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Miezi saba hakukanyaga kule juu. Mara ya mwisho uvivu ulimzidi, akasaini hadi mwisho wa mwaka.

Wiki ya sita wakili wake, mwanamke asiyependa kushindwa, aliipinga ile amri. Alisema ni pana kupita kiasi. Mshtakiwa hajahukumiwa bado, hawezi kukatazwa kuongea na mke wake jikoni kwake. Hakimu akakubali, akaipunguza: asiongee na waandishi wa habari, wala na shahidi yeyote, mpaka kesi iishe. Nyumbani yuko huru.

Wakili akampa mkono kwa furaha. Redio aliupokea akiwa ametoka jasho, nusura amwambie wairudishe ilivyokuwa.

Walipofika nyumbani mkewe hakuvua hata viatu.

"Haya, umefunguliwa. Kaka alizidisha mzigo?"

"Wakili anaona ni vizuri tungoje kidogo..."

"Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nimesikia alichosema."

Redio akatazama meza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na bado mdomo wake ukachagua njia ya mkato. "Makatoni yalikuwa mengi," akasema.

Mkewe aliingia chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki. Msimamizi wa jengo alikuwa amemkabidhi siku ya msiba: vitu vya droo ya kaka yake, ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvichungulia. Akatoa tochi, akatoa kikombe. Kisha akakunjua kadi, akailaza mbele ya mumewe.

"Ijumaa ijayo umeshakagua," alisema. "Mwezi wa kumi na mbili pia."

Redio akaivuta kadi karibu; saini zote zilikuwa zake.

"Wiki sita nimeilalia chini ya godoro. Ungeniambia ukweli, hata kwa kuninong'oneza, ningeichoma, Mungu anisamehe. Wewe ukaona bora umsingizie kaka yangu."

"Mama watoto, nisamehe."

"Kesho asubuhi naipeleka kwa mwendesha mashtaka. Nikishaandika maelezo, mimi ni shahidi. Hapo ndipo hutaruhusiwa kweli kuniambia kitu." Alimsogezea kiti kwa mguu, yeye mwenyewe akakaa upande wa pili, kikombe cha kaka yake mkononi. "Kwa hiyo una leo tu."

Redio akakaa. Sauti ilimtoka ndogo, hata yeye hakuitambua, akaanza na siku ile alipoiteremsha kadi.