Benchi Lililomfuata Apolline

Jumatatu asubuhi, katika darasa la sita la shule ya wasichana pale Uvira, ubao ulikuwa umeshafutwa na wasichana walikuwa wanatia wino kwenye matundu ya meza. Madame Pétronille, Direktrisi wa shule, aliingia akamtazama Apolline kiunoni, mahali ambapo kifungo cha rinda kilikuwa kinakataa kufunga. Alimwambia akusanye vitu vyake aende nyumbani. Hakupaza sauti. Kanuni ilikuwa inajulikana: msichana mwenye mimba hasomi.

Apolline alisimama. Benchi lake nalo likajinyanyua.

Lilikuwa benchi la libuyu, ile mbao nyekundu, limeungana na meza yake, la kukaliwa na watu watatu. Louise na Marie-Rose, waliokuwa wamekaa naye, waliteleza wakaanguka, wakajipangusa vumbi, wakatafuta nafasi nyuma. Benchi lilipita mlangoni kwa ubavu, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba, likashuka barabarani nyuma ya Apolline. Kwenye daraja la mto Mulongwe lilisimama kupisha lori la pamba lililotoka Luvungi. Dereva alipiga honi ya kushukuru.

Wazazi wa Apolline walikuwa juu milimani na ng'ombe zao. Walimshusha mjini, kwa shangazi yake Mukabera, muuza maziwa, ili apate cheti cha darasa la sita. Kwa cheti hicho angeingia shule ya ualimu. Ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka.

Mukabera aliona benchi linaingia uani.

"Hii nayo inatoka wapi?"

"Shuleni, Masenge," alimjibu shangazi yake. "Ilinifuata."

"Na hii ingine?" Alionyesha tumbo.

"Ya Thaddée."

Mukabera aliweka chini kibuyu cha maziwa. "Mwana wangu, haukujua namna mimba inakuyaka?"

"Nani angeniambia?"

"Si shule! Vitabu vyote vile!"

Kesho yake Mukabera alipanda shuleni kuuliza. Direktrisi alimjibu kwa heshima kwamba shule haigusi mambo hayo, maana kila mtu anajua kuwa msichana wa milimani anafundishwa na shangazi yake. Mukabera naye alieleza kwamba mashangazi waliacha kufundisha tangu shule zilipokuja, maana kila mtu anajua kuwa wenye kusoma wanaambiwa kila kitu hukohuko. Kisha Direktrisi akauliza benchi litarudi lini.

Bisengimana, mlinzi wa shule, alitumwa kulichukua.

"Mama, minye sina neno na nyinyi. Iko benchi ya shule, iko na namba."

"Itwale, kaka. Nani anakukatalia?"

Alilibeba kichwani, akalifungia darasani. Asubuhi lilikuwa tena uani kwa Mukabera, miguu imelowa, kwa sababu halikupita darajani, lilivuka mtoni. Mambo yakawa hivyo siku nyingi. Mwishowe shingo ilimuuma Bisengimana, akaanza kulifunga kamba na kuliongoza kama ng'ombe. Likawa linakubali kwenda, ila kulala huko halikukubali.

Halafu ikafika siku ya kumpeleka msichana kwa mvulana aliyempa mimba, kama ilivyo desturi. Wazazi wa Thaddée walikuwa wavuvi wa Kalundu, bandarini. Katika mambo haya msichana anaachwa mlangoni, waliomleta wanaondoka bila kugeuka, na mama wa mvulana anaanza kupiga kelele. Mama Honorine, mama yake Thaddée, alikuwa ameshafungua mdomo alipoona benchi linajipanga kando ya ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa. Aligonga mbao kwa kidole.

"Hii ni libuyu," alimwambia mume wake.

"Iko libuyu yenyewe."

"Basi hawa ni watu wa maana. Bibi ya kaka yake mukubwa alikuya na sufuria moja, tena ya kutoboka." Akamwambia Apolline akae. "Na weye Thaddée, unasimama hapo kama nguzo ya bandari! Leta maji."

Thaddée naye alikuwa darasa la sita, katika shule ya wavulana, ng'ambo ya barabara kutoka ile ya wasichana. Aliendelea kusoma. Hakuna aliyemtazama kiunoni.

Mtoto alizaliwa wa kike, akaitwa Célestine. Kila mchana Thaddée alirudi, akambeba mtoto, akasoma masomo ya siku kwa sauti, na Apolline, kwenye benchi lake, aliandika yote na kumsahihisha hesabu.

"Mutoto analia, minye nasoma namna gani?"

"Weye soma tu. Atamaliza kulia mbele ya weye kumaliza kugawanya."

Louise na Marie-Rose, waliokosa nafasi yao, walianza kuja kuikalia huko Kalundu, na wengine nyuma yao. Mukabera alipopita na maziwa yake alikaa nao, akawaambia yale aliyokuwa ameacha kusema: habari za siku za mwezi, maneno matamu ya wavulana na namna ya kuyakata, na kwamba mara moja tu inatosha. Wasichana walicheka mpaka Mama Honorine akasogeza ndagala zake karibu ili asikie. Mwaka ule hakuna rinda la msichana yeyote wa benchi lile lililokataa kufunga. Direktrisi aliwasifu darasani kwa sababu ya sala zao.

Mwezi wa tano waasi waliingia Uvira, wamejifunga majani na wana dawa yao ya kugeuza risasi kuwa maji. Komiseri wao alikusanya watu kwenye uwanja wa shule akatangaza kwamba kila kitu cha zamani kimekufa.

Apolline aliinua mkono, mtoto akiwa mgongoni. "Hata kanuni ya mimba? Mutihani iko mwezi wa saba. Minye nataka kuufanya."

Komiseri alimtazama Direktrisi, Direktrisi akamtazama Komiseri.

"Barabara na bandari, hiyo iko yangu," alisema Komiseri. "Mambo ya tumbo iko ya Madame."

Siku ya mtihani Apolline alipanda hata hivyo, mtoto mgongoni, benchi nyuma yake. Direktrisi alifungua mlango wote.

"Benchi liingie," alisema. "Wewe, mama wa mtoto, rudi nyumbani."

Benchi liliingiza meza, likagoma hapo. Bisengimana alisukuma, askari wa Komiseri akasaidia, wakapumzika, wakasukuma tena.

"Haiingie bila yeye, Madame."

"Basi libaki hivyo. Tunachelewa."

Kwa hiyo meza ilikuwa darasani na kiti kilikuwa nje. Apolline alikaa nje, akaweka karatasi yake ndani. Imla aliisikia vizuri, kwa sababu mlango haukuweza kufungwa. Wakati wa hesabu mtoto alinyonya.

Saa ya kukusanya, Direktrisi alipita meza kwa meza, akaichukua karatasi ya Apolline pamoja na nyingine. Aliisoma amesimama. Aliisoma mpaka mwisho. Alisahihisha kosa moja dogo kwa kalamu nyekundu, akamrudishia mwenyewe.

"Ni nzuri," alisema. "Ungepita."

Thaddée alipita. Kalundu walipiga ngoma, Mama Honorine akachinja kuku, na paja akampa Apolline.

Baadaye serikali ilirudi na ndege zake. Komiseri aliondoka. Kanuni haikuondoka. Shule ilipofunguliwa, Direktrisi alileta fundi mwenye simenti, na miguu ya mabenchi yote yaliyobaki ikachimbiwa sakafuni. Kila mtu aliona ni kazi nzuri.

Wa kwanza kuitwa mbele mwaka ule, rinda lake likikataa kufunga, alikuwa Georgette, ambaye baba yake alikuwa amemkataza kukanyaga Kalundu kwa sababu huko wanaongea mambo ya aibu. Alikusanya vitu vyake akatoka. Benchi lake lilijivuta asubuhi nzima, likilia kama mlango mkavu, na Direktrisi alilazimika kufundisha historia kwa sauti kubwa. Saa ya mapumziko lilikatika miguu likamfuata.

Lilifika Kalundu likiwa fupi, likajipanga kando ya lile refu. Apolline alimwonyesha Georgette mahali pa kukaa. Célestine alitambaa akalishika, na kwa kuwa lilikuwa la kimo chake, akasimama.

Shuleni, visiki vinne vya miguu yake vilibaki ndani ya simenti. Fundi alisema kuving'oa kutaharibu sakafu. Vikaachwa, na kila mwaka, siku ya kwanza, wasichana wapya wa darasa la sita walionyeshwa namna ya kuviruka.