Zamu ya Jirani

Fundi cherehani mmoja mjane alikuwa na mazoezi yake ya asubuhi: anapiga makofi, anajipiga mapaja na kifua, kisha anakanyaga sakafu, mpaka mdundo unakolea. Zamani alipokezana mdundo huo na mumewe: yeye anapiga, mume anajibu. Tangu azikwe, zamu ya marehemu aliiacha ipite kimya.

Siku moja zamu hiyo ikajazwa na mlio kutoka chumba cha jirani: ko, ko, ko. Moyo ulimdunda. Akaendelea mpaka jasho likamtoka, halafu akaenda kubisha hodi.

“Asante kwa kuniitikia, baba.”

Jirani alimtazama, nyundo mkononi. “Kukuitikia? Napigilia masanduku, mama. Nahama leo.”

“Basi safari njema,” akasema, akarudi ndani, akakaa kitandani huku viganja vikimwaka moto.