Ndiyo ya Sliven, Hapana ya Stuttgart

"Nilikujibu hapana!"

"Hukujibu! Ulitikisa kichwa!"

"Si ndiyo hapana yenyewe!"

"Hapa kwetu Sliven anayetikisa kichwa amekubali, Tsvetomir! Hata mbuzi wa huku anajua!"

"Nimekaa ughaibuni Stuttgart mno, Stamen, shingo imesahau!"

"Shingo yako imesahau, vinavyolipa ni vidole vyangu!"

"Nyamazeni nyote," akasema Zhivka, ambaye shule nzima humwita shangazi. "Mikono inachoka."

Vidole vyangu vinne vilikuwa vimebanwa kati ya mkanda wa mota na gurudumu la msumeno mkubwa wa karakana ya shule. Nilimuuliza Tsvetomir, mwalimu mwenzangu mgeni, kama amezima umeme. Akatikisa kichwa, nikaingiza mkono kuurekebisha mkanda. Naye, akidhani namsubiri awashe msumeno, akawasha. Nilipopiga yowe alicheka kwanza, wala simlaumu: juzi tu nilimwekea panya wa plastiki kwenye droo. Zhivka, mwalimu wa useremala, ndiye aliyekirukia kitufe chekundu cha dharura, msumeno ukasimama.

Tatizo ni kitufe chenyewe. Kikibonyezwa kinapaswa kujifunga chini. Chetu kimechoka, ukikiachia kinaruka juu, na swichi ya kuwashia nayo imegandia palepale pa kuwaka: kikiruka tu, msumeno unaanza upya. Kwa hiyo Zhivka alikikandamiza kwa viganja viwili, nami nikavikodolea macho viganja vile kama mgonjwa anavyoikodolea ikoni, picha takatifu ya kanisani.

Ilikuwa Jumamosi, shule tupu. Ili mkanda ulegee, mota inyanyuliwe, na mota ile ni mzigo wa watu wawili. Wenye mikono huru walikuwa wawili tu, na mmoja ndiye huyo aliyeganda kwenye kitufe.

"Kimbia kazime swichi kuu," nikamwambia Tsvetomir.

Alirudi mweupe kama jibini.

"Umezima?"

Kichwa kikaanza kwenda upande, kikajishtukia. Kikaanza kushuka, kikajishtukia tena.

"Sema kwa mdomo, mwanangu," akasema Zhivka.

"Nimezima moja. Ziko mbili, hazina maandishi. Ya pili imeshika kutu, haisogei."

Taa za darini zilikuwa zinawaka, lakini taa zina njia yake ya umeme, hazikuniambia kama msumeno umezimwa. Niliutafuta mzaha, sikuupata. Chuoni niliacha somo la umeme kabla ya mtihani wa mota, nikajigamba kwamba mota haitanifuata nyumbani. Kweli haikunifuata. Nimeifuata mwenyewe.

Jasho la Zhivka likadondokea kitufe. Viganja vikateleza, unywele mmoja hivi, akavirudisha huku akimtaja Mama wa Mungu.

"Siwezi tena," akanong'ona.

Tsvetomir akapiga magoti. Akakunja mkono wa shati, akapenyeza vidole vyake kando ya vyangu, chini kabisa ya mkanda. Vilikuwa baridi kama vya maiti.

"Unafanya nini, wewe punguani? Toa!"

"Kama swichi niliyozima siyo, vyangu vitangulie," akajibu bila kunitazama. Alimtazama Zhivka.

"Shangazi," akasema, "achia kitufe."