Shangazi Kahamia kwa Wasusi

Fundi cherehani mmoja aliwaanzishia mafundi wenzake mtandao wao wa kupiga soga, akauendesha kwa kompyuta iliyokaa chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Uliunganishwa na mitandao mingine midogo, kila mmoja ukiwa na mwenyewe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipojiunga shangazi yake, fundi mstaafu asiyejua kumeza neno.

"Hii suruali, au gunia lenye zipu?" aliandika chini ya picha ya kazi ya mtu.

Malalamiko yakazidi, fundi akamfuta. Shangazi hakununa. Alijiunga na mtandao wa wasusi, na kwa kuwa ulikuwa umeunganishwa na ule wa mafundi, maneno yake yakaendelea kuingia kama kawaida. Fundi akapandwa na hasira, akawakatia mawasiliano wasusi wote.

Jioni mkewe, ambaye ni msusi, alimpokea mlangoni.

"Tangu asubuhi nakuandikia ulete unga. Kumbe umenifungia na mimi?"

"Nilikuwa namfungia shangazi, mke wangu."

"Sasa wasusi mia mbili wote ni shangazi zako?"

Fundi akawafungulia papo hapo, akaweka kitufe ili kila mtu amzibe mwenyewe asiyemtaka. Yeye akawa wa kwanza kumziba shangazi. Wiki ikapita, hakuna mwingine aliyemziba. Hata waliolalamika walikuwa wakimsoma na kuvunjika mbavu.

"Leo kaandika nini?" fundi alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Kakuandika wewe," mkewe akajibu, akifuta machozi ya kicheko.

Fundi akavuta simu, akamzibua.