Watano Wangu wa Montelar

Nilizaliwa Ntoto, upande wa Walikale, mashariki mwa Kongo, nikaolewa Kibabi. Darasani kwetu Ntoto tulikuwa na mwalimu aliyetuchapa kila tuliposahau Kifaransa. Sikumpenda. Lakini miaka mingi baadaye, nilipokuwa mke wa Damien na mama wa watoto, mwenye shamba la maharagwe na muhogo juu ya mlima, Kifaransa kile kilinipa cheo ambacho hakuna mwanamke mwingine wa Kibabi aliyekuwa nacho. Mimi ndiye niliyewatafsiria wenzangu feuilleton, zile tamthilia ndefu za televisheni.

Televisheni ilikuwa ya dada Virginie. Alitoka Butembo na mume wake, mume akafariki, yeye akabaki na butiki, lori moja na rozari iliyoning'inia juu ya mizani. Jioni aliwasha groupe, jenereta yake, ili watu wachaji simu, na kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma hata hivyo, aliwasha na televisheni. Sisi wanawake tuliotoka shamba tulitua majembe nje, tukaingia, tukakaa juu ya magunia ya chumvi. Ndipo ilipoanza Montelar.

Montelar lilikuwa shamba kubwa la kahawa katika nchi ya mbali, lenye nyumba nyeupe, farasi na watu waliopendana vibaya. Walisema Kifaransa kilichopachikwa, midomo ikienda kwake na maneno kwake. Kila aliyefungua mdomo, wenzangu walinigeukia.

"Adelaïde, anasema nini?"

"Anasema hatamuacha bibi yake."

"Bongo! Anadanganya! Muangalie macho!"

Katika kutafsiri nikawajua wale watu kama ninavyowajua majirani zangu. Nikaanza kuwapanga. Sikuandika popote. Niliwapanga kichwani nikipalilia maharagwe, na jioni nikawatangazia wenzangu nani amepanda na nani ameshuka. Walikuwa watano tu. Sikutaka wengi, maana ukipenda watu wengi sana humpendi yeyote.

Wa tano alikuwa Marisela, msichana mzuri ambaye hadithi yote ilimhusu. Wenzangu walilalamika: mwenye hadithi anawekwaje mwisho? Mimi niliona analia mno. Hata hivyo nilimpa nafasi kwa sababu ya siku ile alipokataa pete ya tajiri, akarudi nyumbani kwa miguu mvua ikinyesha, bila kumwambia mtu kwamba amekataa. Wa nne alikuwa babu mmoja mchunga farasi, ambaye hakusema zaidi ya maneno mawili kwa jioni nzima. Nilimpenda kwa sababu kumtafsiri hakukunichosha. Wa tatu, daktari Fermín, aliyetibu watu wa shamba na kulipwa kuku, na aliyempenda Marisela bila kumsumbua. Alvaro, mpenzi wa Marisela, yule kijana mwenye nywele zinazong'aa, hakuwemo kabisa. Kwa jambo hilo nilikaribia kufukuzwa butikini.

Wa kwanza alikuwa Benita, mpishi. Mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye kitambaa cha kufutia mikono begani. Nyumba nyeupe iliposhika moto, wote walikimbia na vito vyao na makaratasi yao. Benita alikimbia naye, akafika bustanini, akasimama, akahesabu watu kwa kidole, akaona mama mkongwe wa nyumba hayupo. Akarudi ndani. Hakupiga kelele, hakumuomba mtu. Alirudi kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Siku ile wenzangu hawakuniuliza anasema nini, maana hakuwa anasema kitu.

Nafasi ya pili ndiyo iliyotugombanisha. Niliiacha wazi kwa muda mrefu, kwa sababu ya Madame Leocadia.

Leocadia alikuwa mwenye Montelar. Mbaya. Aliiba urithi, alimfunga mtu asiye na kosa, alimtupa Marisela nje na mtoto tumboni. Lakini jinsi alivyoingia mahali! Alivua glavu zake kidole kwa kidole huku watu wakingoja. Hakupandisha sauti hata siku moja. Mtu akimkasirikia, alimuuliza jina lake, kwa upole, na yule mtu akaanza kutetemeka.

Mukamurenzi ndiye aliyempigania. Alikuwa mama wa kabila la wafugaji, alituletea maziwa na jibini kutoka malisho ya juu, mwembamba, mwenye maneno machache, na akikaa nasi alikaa karibu na mlango.

"Mumupange wa kwanza," alisema. "Najua iko na roho mubaya. Lakini hata siku moja hainamishi macho. Miye napenda kuona mwanamuke asiyeinamisha macho."

"Yule ni shetani," alisema dada Virginie kutoka nyuma ya mizani, akishika rozari. "Katika nyumba yangu asipangwe hata wa kumi. Munataka Mungu atusikie tukimusifu muntu wa namna ile?"

"Dada, ni sinema tu," nilimwambia.

"Hata sinema, Mungu iko anaangalia."

Basi nikaiacha nafasi ya pili wazi, kwa heshima ya mwenye televisheni.

Vita vilikuwa vimekuja na kuondoka mara nyingi, tulivijua kama tunavyojua misimu. Lakini mwaka ule wa 2012 vilikuja kwa namna nyingine. Watu walianza kuulizana majina ya ukoo, wajue nani ni wa kabila gani. Vijana tuliowaona wakikua walionekana na bunduki, wengine upande huu, wengine upande ule. Mukamurenzi akaacha kukaa karibu na mlango, akakaa pembeni kabisa, nyuma ya magunia, asipoonekana na wapita njia. Tulimsogezea magunia kidogo, yamfiche.

Damien alitangulia na watoto Mushaki kwa ndugu yake. Mimi nilibaki nivune maharagwe. Siku ya soko, jua likiwa bado juu, risasi zikalia kwenye mgongo wa mlima, kisha zikalia karibu. Soko lote likamwagika. Mimi nilikimbilia butikini, nikamkuta dada Virginie anafungua mlango wa nyuma wa lori lake. Lilikuwa limejaa shehena iliyofika asubuhi: sabuni, sukari, mafuta, makayabo, wale samaki wa chumvi.

"Tupa chini," alimwambia dereva wake, Léonard.

"Mama, mali yote?"

"Tupa, papa! Batu wapande."

Tukatupa. Maboksi ya sabuni yalipasuka kwenye matope na hakuna aliyeinama kuokota. Wakapanda wazee, wajawazito, mama wenye watoto mgongoni. Mukamurenzi alikuwa amesimama kando ya ukuta na kibuyu chake cha maziwa, hajui kama anaruhusiwa. Dada Virginie akamshika mkono, akampandisha mbele, kati yake na Léonard. Mimi nilipanda nyuma, nikashika chuma karibu na dirisha dogo la kwao, nikawa nawaona na kuwasikia. Televisheni ilibaki juu ya kabati. Groupe ilibaki. Rozari tu ndiyo aliyoichukua.

Tulipokaribia Mushaki tukakuta bariyeri: mti mmoja umelazwa barabarani, na wanaume wenye bunduki, wengine bila viatu. Mmoja, mwenye kofia ya sufu, alichungulia mbele. Akamuangalia Mukamurenzi, pua yake, urefu wake, vidole vyake.

"Weye. Karte yako."

Mukamurenzi akatoa karte, kitambulisho chake. Yule mtu alisoma jina, akawageukia wenzake, akatabasamu.

"Ule ashuke. Wengine muendelee."

Nakumbuka nilimfikiria Benita, nikajua Benita angeshuka pamoja naye, na kwamba mimi ningepaswa kushuka, lakini nikazidi kushika chuma.

Mlango wa mbele ukafunguka. Dada Virginie akashuka. Hakuharakisha. Akakung'uta vumbi kwenye kikwembe chake, pindo la kushoto, kisha la kulia. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakitazama kama kina doa, akakifunga tena polepole. Wale wanaume wote walikuwa wanamngoja. Ndipo akainua uso.

"Jina lako nani, kijana?"

Sauti ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia. Dada Virginie tuliyemjua alikuwa mtu wa kupiga kelele hata akikuambia habari ya asubuhi.

"Juu ya nini unauliza jina langu?" alisema mwenye kofia.

"Juu komanda yako ataniuliza. Ataniambia, Mama, nani alikuchelewesha? Mi sipendi kumujibu mukubwa kama sijui." Akamtazama kutoka kofia hadi miguuni, bila haraka. "Ule mama njo mwenye kumutengenezea jibini. Amemuitisha leo. Kama unataka kumushusha, mushushe. Siko na bunduki, siwezi kukuzuiya. Lakini uniambie jina, na utaenda kumuelezea mwenyewe."

Hakukuwa na komanda yeyote aliyemjua. Hakukuwa na mtu aliyemuitisha mtu. Yule kijana akatazama wenzake. Mmoja wao alikuwa ameanza kutazama miti.

"Tuko tunafanya kazi tu, Mama."

"Naona."

Akabaki amesimama. Hakuomba njia. Mwishowe wakauvuta mti pembeni wenyewe, na mwenye kofia akairudisha karte dirishani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Dada Virginie akapanda, akasema, "Léonard, twende," na Léonard aliyekuwa amelowa jasho akashindwa kutia gia mara ya kwanza.

Tulipopita kona ya pili, lori likasimama. Dada Virginie alifungua mlango akatapika kando ya barabara. Mukamurenzi alishuka akampa maziwa ya kibuyu anywe, akamshika mabega, na wote wawili wakakaa chini kwenye majani, wakilia na kucheka, nasi nyuma tukalia pamoja nao.

"Nimesema bongo," alisema dada Virginie. "Eh Mungu, bongo nyingi vile! Itabidi niungame."

Nikashindwa kujizuia. "Dada, ule alikuwa Leocadia."

"Usinitukane, Adelaïde!"

Mushaki tulikaa kwenye uwanja wa kanisa, chini ya maturubai, wakimbizi, badeplase kati ya badeplase. Damien na watoto walinipata siku iliyofuata. Dada Virginie alikwenda kuungama kweli. Padri, kama dada alivyotusimulia kwa hasira, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asali Salamu Maria moja. "Moja tu! Hakunielewa. Nilirudia yote toka mwanzo, akasema, Mama, nimesikia, moja."

Pale hapakuwa na televisheni. Mchana, tukichambua maharagwe ya msaada, wenzangu waliniomba niwasimulie Montelar tangu mwanzo, na wanawake wa vijiji vingine wakasogea. Nilipofika kwa watano wangu, Mukamurenzi akaniuliza mbele ya wote: na nafasi ya pili?

Nikawaambia nilivyofikiri siku zile. Benita naendelea kumweka wa kwanza, kwa sababu alirudi motoni. Lakini Benita pale bariyeri angepiga magoti. Angelia, angeomba, na wale wanaume walikuwa wameshazoea kuombwa. Kwa hiyo Leocadia ni wa pili, na kama mtu ataniambia ni wa kwanza, sitabisha sana.

"Na dada Virginie umemuweka wapi?" akauliza mama mmoja wa Mushaki.

"Miye siko muntu wa sinema!" akajibu mwenyewe, akiinuka na ungo wake. "Munipange na mafuta na chumvi, njo kazi yangu."

Mwisho wa Montelar tuliuona pale pale Mushaki, katika butiki ya Kasika, mfanyabiashara mwingine wa kwao Butembo, wakati wa kiangazi. Tulijaa mpaka nje. Marisela aliolewa na Alvaro, kama nilivyoogopa, na daktari Fermín akapanda farasi akaenda kutibu watu pengine. Leocadia alinyang'anywa nyumba. Askari walikuja kumtoa. Alivaa glavu zake, akabeba mkoba mmoja, akashuka ngazi zile ndefu peke yake, akafika barabarani, akaenda. Hapakuwa na la kutafsiri. Nikageuka kuwaangalia wenzangu, nikamuona dada Virginie anafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Moshi wa groupe," alisema. "Kasika haitengenezi vizuri."

Tulirudi Kibabi mvua za kupandia zilipoanza. Butiki ilikuwa imebebwa yote, hata bawaba za milango. Dada Virginie alianza upya na sabuni na chumvi, na baada ya misimu miwili akanunua televisheni ndogo kuliko ile. Mukamurenzi alibaki Mushaki, kwenye malisho ya kaka yake Sebarenzi, na kila siku ya soko hushuka na lori la Léonard na jibini lake. Hukaa nasi mpaka jioni. Sasa wanaonyesha nyingine, ya ndugu wawili na kisima cha mafuta, na yeye ameshachagua wake wa kwanza. Mimi bado. Nimemwambia anipe muda, siwajui vizuri watu hawa, na yeye husema kama Adelaïde anazeeka, aache kazi ya kutafsiri, wapo wasichana waliosoma.