Punje Tano za Hanna

Jumamosi moja ya Agosti 1948, Hanna, mjane wa Simel, alifika mapema kwenye mfereji wa Nduruma na kuifuta umande ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa pale. Ilikuwa siku ya kugawa mbegu ya ulezi. Aliyepata fungu la mbegu ndiye aliyepata zamu ya maji, na kiangazi bila zamu ya maji hakuna shamba.

Mbegu ya mfereji ilikaa kwenye kibuyu kimoja. Punje zake zilikuwa laki saba na elfu ishirini na mia saba na ishirini, wala hazikupungua mwaka hata mwaka. Philemoni mwinjilisti alizihesabu Kwaresima mbili, akapata hivyo hivyo. Kugawa haikuwa kazi ya mtu. Kibuyu kilimiminwa, majina yakasomwa, na punje zikatambaa zenyewe, fungu moja kwa kila jina. Watu wawe saba au kumi na watatu, mafungu yalikuwa sawa na hakuna punje iliyobaki.

Majina yalikuwa kumi na sita. Simel alikuwa mmoja wao, na mfereji ule aliuchimba kwa mikono yake. Alipofariki, mdogo wake Lerionka, mzee wa mfereji, alilifuta jina lake akaandika la mwanawe yeye mwenyewe, Eliamini, kwa kuwa karatasi ya Boma, ofisi ya serikali, ilitaka majina ya wanaume tu.

"Shemeji, na langu lisomwe," Hanna alisema.

"Lisomwe, uone mwenyewe."

Philemoni akasoma majina kumi na saba. Mafungu yakajipanga, na katikati ya ngozi zikabaki punje tano. Zilizunguka kidogo, zikakosa pa kwenda, zikatulia.

"Umeona," Lerionka alisema. "Hesabu yenyewe imekukataa."

Hanna alizitazama zile tano. "Imekataa kumi na saba, shemeji. Mimi haijanitaja. Toa jina lako, acha langu."

Philemoni, ambaye alipenda hesabu, alisoma kabla hajakatazwa. Mafungu kumi na sita, kila moja punje elfu arobaini na tano na arobaini na tano. Hakuna iliyobaki.

"Basi leo mzee hana shamba," alisema Nkasiogi, mke wa Lerionka, akacheka ndani ya kanga.

Lerionka hakukasirika. Alisema Boma halisomi ulezi, linasoma karatasi. Akalirudisha jina lake, akalitoa la Hanna, na mafungu yakawa sawa tena. Watu walipokwisha kubeba mbegu zao, Hanna aliikunja ngozi, akakuta punje tano. Mafungu yalikuwa yametimia, kwa hiyo hakuna aliyezidai.

"Chukua hizo," Lerionka alisema.

"Ahsante, shemeji."

Alizipanda kwenye chungu kilichopasuka, chini ya upenu, akazimwagilia maji ya kusuuzia vyombo. Jioni alizisomea Zaburi, kwa kuwa ndiyo saa yake ya kusoma. Kufika Desemba masuke yalikuwa yamelalia paa, na ilibidi avune siku kumi na moja.

Jumapili baada ya ibada alitandika ngozi nje ya kanisa, akamwomba Philemoni asome majina kumi na saba, la kwake mwisho. Mafungu yakatoka sawa, na kila fungu likajaza kile kibuyu hadi shingoni. Philemoni akazidisha punje za kibuyu ubaoni, akapata milioni kumi na mbili, laki mbili, elfu hamsini na mbili, mia mbili na arobaini. Akagawa tena kwa kumi na saba, hakikubaki kitu.

"Ni hesabu safi sana hii, mama," alisema.

"Ni ya Bwana," Hanna alijibu.

Lerionka alipokea fungu lake kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, shemeji. Uji wa mwaka huu utakuwa mzito." Na ulikuwa mzito kweli, na Hanna alilala ameshiba.

Agosti iliyofuata karatasi ilisomwa kwenye mfereji. Majina yalikuwa kumi na sita. Hanna alisikiliza mpaka la mwisho, akaifuta ngozi, akarudi nyumbani kusuuza vyombo, maana chungu kilikuwa kinangoja maji.